Mama Kwenye Tano Bora

Ijumaa, 5 Septemba

Mama yangu ametabiriwa. Leo redioni, mchana kweupe. Yule mchambuzi wa filamu tunayemwita Nabii ametoa utabiri wake wa mapema wa tuzo za mwaka — na kwenye kipengele cha mwigizaji bora wa kike, katika majina matano, Mama ni la pili.

Filamu yenyewe haijaisha. Ninayeihariri ni mimi. Ninayo hapa mezani, nusu yake haijapata hata muziki. Nabii ameona trela tu. Kwa trela hiyo ametangaza kwamba uso wa Mama "unasema bila kusema".

Mtayarishaji wetu — Presha, jina nimempa mimi, sasa ofisi nzima inalitumia — aliingia bila kubisha hodi. Akauliza kama nimesikia. Kabla sijajibu akauliza namaliza lini. Kwake hayo ni swali moja.

Nikampigia Mama. Akauliza: huyo kaka ameiona wapi filamu?

Mkunga mstaafu! Hajawahi kuigiza hata shuleni. Mwaka jana aliniletea funguo kazini, mlinzi akamzuia getini, naye akampa somo lake pale pale bila kupandisha sauti. Mwongozaji alikuwa dirishani. Alishachoka kutafuta mtu wa kucheza mjane anayegoma kuuza nyumba yake. Akashuka ngazi mbio.

Jumapili, 7 Septemba

Chakula cha mchana kwa Mama. Majirani wanaingia na kutoka kama kuna msiba, ila wanacheka. Mama anawajibu wote vilevile: ni utabiri tu, hata mvua hutabiriwa. Lakini tulipobaki jikoni aliniuliza, kama hajali vile, huyo wa kwanza ni nani na ana nini cha zaidi.

Kaka yangu amemnunulia mawani meusi. Eti ya mastaa. Mama ameyavaa kukatia vitunguu.

Joto kali, yeye kajifunga mtandio shingoni. Nilipomwambia avue akasema upepo wa feni unamsumbua. Feni yenyewe mbovu tangu mwaka juzi. Sikuwaza zaidi.

Jumanne, 9 Septemba

Sijui niandikeje hili.

Presha alitaka ile picha ya jikoni irefushwe — ile Nabii aliyoipenda — mjane amekaa mezani peke yake, anakunywa maji, basi. Nilikuwa nimeikata fupi. Leo nikairudisha nzima, nikaiweka kwenye skrini kubwa. Mama anainua glasi. Anameza. Na shingoni, upande wa kushoto, kitu kinapanda na kushuka pamoja na maji.

Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena. Kivuli? Nikaongeza mwanga. Si kivuli.

Nikafungua picha za wiki ya kwanza. Hakuna kitu. Za katikati — kuna, kidogo, kama kokwa. Za mwisho — kimeshakua, na amekaa upande upande, kamera isimpate vizuri. Alikuwa anajua. Mwongozaji akamsifu kwa kukaa hivyo. Akasema ni ubunifu.

Miezi kadhaa nimeitazama shingo hii. Natazama mwanga, natazama rangi ya gauni. Mama mwenyewe sikumtazama.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda kwake asubuhi. Aliponiona tu akavua mtandio, akaukunja, akauweka mezani. "Umeiona," akasema.

Anajua tangu katikati ya kupiga picha. Amejipapasa mwenyewe, amejipima kwa vidole vyake. Nikamuuliza mkunga mzima anafichaje kitu kama hiki. Akasema mkunga ndiye anayejua pa kuficha.

Anachoogopa si kisu. Anaogopa sauti. Amewahi kuona wagonjwa wakitolewa uvimbe wa shingo wakarudi hawana sauti. Na bado hajarekodi upya maneno ya ile sehemu ya barabarani, ambapo kelele za jenereta ziliharibu kila kitu. Studio tumeiweka mwisho wa mwezi. "Nikimaliza kurekodi, nakwenda," akasema. "Naapa."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia filamu si kitu. Hapo alinitazama vibaya.

"Maisha yangu yote nimekaa nikisubiri cha wenzangu kitoke," akasema. "Usiku, mchana. Changu nimekipata uzeeni, na wewe unasema si kitu?"

Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Baadaye, mlangoni, nikamwambia sigusi fremu hata moja mpaka apimwe. Akacheka. Unanitishia kwa kazi yako mwenyewe? Ndiyo, Mama. Presha atakufukuza. Anifukuze.

Akasema basi, Ijumaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Hospitali. Foleni. Mama kavaa kama anakwenda kupokea tuzo — na mawani ya Kaka.

Daktari wa upasuaji ni mwanamke wa makamo, mpole, mikono baridi. Alipapasa, akamwambia Mama ameze, akapapasa tena. Ni tezi. Ameingiza sindano, akatoa chembe zipelekwe maabara. Mama hakukunja uso. Mimi ndiye niliyeketishwa nikapewa maji.

Daktari alipoona jina kwenye karatasi akauliza kama ndiye yule wa redioni. Mama akakubali, kwa aibu kidogo. Daktari akasema mume wake anaamini Mama atashinda. Mama akamuuliza: na wewe unatabiri nini? Hapa, ndani ya shingo?

Daktari akasema yeye hatabiri. Anasubiri majibu. Nimempenda.

Tukitoka, redio ya teksi: Nabii kampandisha Mama hadi nafasi ya kwanza. Dereva anatikisa kichwa, anasema huyo mama ni moto. Hakujua amembeba.

Jumatano, 17 Septemba

Majibu bado. Silali vizuri. Kila simu naishika kama imeungua.

Ilibidi niwaambie kazini. Mwongozaji alikaa chini. Kijana wa watu, akashika kichwa, akasema alimwambia arudie kile kipande cha ngazi mara nyingi vile, na Mama hakulalamika. Presha akatembea chumba kizima. Nilidhani atazungumzia tarehe ya kuwasilisha filamu kwa majaji. Akauliza nani anampeleka hospitali, na kama gari lake litafaa.

Halafu akarudi kuwa Presha. Ile shingo tutaifuta kwa kompyuta, akasema. Fundi anaweza, watu wasione.

Nikampigia Mama nimuulize. Nikaweka simu wote wasikie. "Mwacheni yule mjane na shingo yake," akasema. "Kavumilia mambo mengi, leo mumwonee haya?"

Shingo imebaki. Picha imebaki nzima, ndefu. Sasa nikiitazama naona ndiyo picha bora kuliko zote tulizonazo. Hilo nalo linaniuma.

Jumatatu, 22 Septemba

Tumerekodi. Tuliiwahisha studio, hatukungoja mwisho wa mwezi. Mama na vipokea sauti masikioni, amesimama wima kama kwenye gwaride. Fundi sauti alimwomba aseme "sitoki" kwa hasira. Akasema "sitoki" mpaka fundi akarudi nyuma na kiti chake.

Tulipomaliza aliomba asikie mwenyewe. Akasikiliza hadi mwisho, macho kayafumba. "Haya," akasema. "Hiyo ihifadhini vizuri."

Nilikwenda chooni nikalia. Nikanawa. Nikarudi.

Alhamisi, 25 Septemba

Si saratani.

Naandika tena ili nione. Si saratani.

Daktari alisema mara tu tulipokaa, hakutuzungusha. Uvimbe wa kawaida wa tezi. Mama akasema, "Rudia, mwanangu." Daktari akarudia. Mama akasema, "Sasa nieleze kama mtu asiyejua kitu." Daktari akaeleza taratibu, akachora. Utatolewa hata hivyo, kwa sababu unakua na umeanza kusukuma koo. Sauti? Mishipa ya sauti inapita karibu, atakuwa mwangalifu. Inaweza kukauka kwa wiki kadhaa. Kwa kawaida hurudi.

Kwa kawaida. Mama alilikamata neno hilo lakini akaliachia lipite.

Kwenye korido niliegemea ukuta. Mama akanishika kiwiko, akasema tutafute chakula, tangu jana hajala, na mimi nikizimia hatanibeba. Tulikula kantini ya hospitali, chakula kibaya, tukala chote. Akaongeza sahani. Watu wanatuangalia. Tulikuwa tunacheka bila sababu — mchuzi, kijiko kilichopinda, mhudumu aliyevaa soksi mbili tofauti. Mwili umekuwa mwepesi. Sikujua nimebeba mzigo kiasi gani mpaka ulipotuliwa.

Kaka tulimpigia simu. Akasema mtandao mbovu, hasikii, atapiga baadaye. Mtandao ulikuwa mzima. Tulimsikia akipenga kamasi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nabii kamwangusha Mama. Kutoka wa kwanza hadi wa sita — nje ya tano bora. Sababu: haonekani kwenye mahojiano, hana kampeni, "moto umepoa". Nafasi yake kapewa msichana wa filamu ambayo, kwa ninavyojua, ndiyo kwanza wanatafuta pa kupigia picha.

Presha alikuja kijasho kinamtoka. Anataka Mama aende redioni angalau mara moja, kabla ya upasuaji. Nilimwambia hapana. Nilisema kwa upole kabisa, nami nikajishangaa. Mwezi uliopita ningekubali kabla hajamaliza kusema. Leo nilihisi kama mtu aliyefungua kiatu kinachobana.

Nilipompa Mama habari akauliza, wa sita anakwenda ukumbini? Haendi. "Afadhali," akasema. "Nilikuwa sijui nivae nini."

Lakini alizima redio.

Ijumaa, 10 Oktoba

Filamu imekwenda kwa majaji. Mwongozaji alibonyeza kitufe cha kutuma, mimi nimeshika kiti chake, Presha kafumba macho. Basi. Sasa ni ya watu.

Jumanne, 14 Oktoba

Amepasuliwa. Ametoka salama. Kwanza hilo.

Mimi na Kaka tulikaa benchi la nje, Kaka anasoma bango la kunawa mikono kwa sauti, mara ya tatu nikamwomba aache. Daktari alitoka kofia bado kichwani. Akasema imekwenda vizuri, uvimbe wote umetoka.

Mama alipozinduka alitutafuta kwa macho. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Hewa tu. Akajaribu tena — hewa. Nikamwona anaogopa. Sijawahi kumwona Mama akiogopa.

Daktari akamwekea mkono begani. Ipe sauti muda, Mama. Usiilazimishe, itakuja.

Jumatano, 29 Oktoba

Kunong'ona tu bado. Nimehamia kwake. Ananiita kwa kugonga kikombe kwa kijiko: mara moja chai, mara mbili njoo, mfululizo nimekosea kitu. Mara nyingi ni mfululizo.

Kovu zuri, jembamba. Mtandio hauvai. Jirani alimwambia aufunge, watu watauliza. Akanong'ona, waulize.

Anakula, analala. Anazozana kwa ishara za mikono. Sina ninachoomba zaidi — naandika hivyo, halafu usiku nasikia anajaribu "a, a, a" chumbani kwake, polepole, peke yake.

Jumatano, 19 Novemba

Leo saa kumi jioni wanataja wateule. Nabii asubuhi kabadilisha tena: Mama wa tano, "anaweza kushtua". Kaka kasema huyu jamaa akitabiri siku ya jana bado atakosea.

Naandika hapa kwenye kochi. Kaka yuko njiani na soda. Presha na Mwongozaji wako ofisini, wanapiga simu kila baada ya muda, nimeigeuza kifudifudi. Mama kavaa gauni la kitenge jipya, eti hakuna sababu. Alikaa wima mpaka kipengele cha mavazi. Kwenye kipengele cha muziki kichwa kikaanza kuinama. Sasa amelala, kaniegemea, mdomo wazi. Anapumua vizuri — ule mluzi wa koo aliokuwa nao kabla ya upasuaji umekwisha kabisa. Naisikiliza pumzi hiyo kuliko televisheni.

Mwigizaji bora wa kike. Wanaanza. Nimepunguza sauti nisimwamshe.

Jina la kwanza — sio yeye. La pili — yule msichana, kumbe walipata pa kupigia picha. Mtangazaji anafungua mdomo, anataja la tatu, na Mama anakohoa. Nimegeuka. Sikulisikia.

Macho kayafumba. "Maji," amesema.

Si kwa kunong'ona. Imekwaruza, nzito, lakini ni sauti. Yake. Amejisikia mwenyewe, amefumbua macho, ananitazama. "Maji," amesema tena, kwa nguvu zaidi, kama anamwambia mlinzi. Kwenye skrini watu wanapiga makofi, simu inatetemeka juu ya meza, tena na tena — na mimi nainuka kwenda jikoni kumletea maji.