Kuvua na Kuvaa

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mgongo wangu ni ule ule. Kifua chako je, kimeachia? Mvuke wa kile chumba cha kufulia hotelini utakumaliza.

Binti yako hajambo, na jina la Chiriku bado ni utani mtupu, maana hajatamka neno hata moja. Lakini shuleni, kwenye darasa lao la mahitaji maalumu, kuna somo jipya. Kila Jumamosi mwalimu anawafundisha kuvua. Wako ndiye anayevua vizuri kuliko wote, mpaka wanampigia makofi!

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua nafuu. Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa kwenye pasi, nusura niunguze shuka la watu. Anafundishwa kuvua nini? Nguo? Msichana wa miaka kumi na miwili, mbele za watu, na watu wazima wanapiga makofi? Nenda leo leo kamtoe! Ningepiga simu, lakini kwa simu ningelia tu.

Dada yako

6 Machi

Dada,

Shikamoo, na moto wako punguza. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Samaki, dada! Kuvua samaki, kwenye bwawa la nyuma ya shule.

Nimekwenda kujionea. Maji ni ya magotini, na kila mtoto ana jaketi okozi. Kabla ya kushika mshipi, lazima avae gambuti mwenyewe, ya kulia mguu wa kulia. Ahesabu minyoo mitano. Akikwama, ainue mkono, asijigonge kichwa. Kisha akae angoje boya lizame. Huyu huyu aliyekuwa akipiga mayowe uji ukichelewa, alikaa nusu saa kimya.

Nikamuuliza mwalimu, "Hii ni shule au ni uvuvi?"

Akasema, "Mama mdogo, nyumbani mnawahurumia mno, mnawafanyia kila kitu. Samaki hamhurumii mtu."

Sikumwelewa sawasawa. Ila jioni ile Chiriku alifunga vifungo vyake vyote peke yake. Njoo likizo uone.

Mdogo wako

18 Juni

Dada,

Shikamoo. Umefika salama? Tulifurahi ulipokuja, halafu tukaamka hupo. Likizo ilikuwa imebaki siku nne nzima! Hukuaga mtu, hata gambuti za shule ulizoazima umeziacha chini ya kitanda. Tumekukosea nini?

Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Hamjanikosea. Nilimshikia kijiko kama zamani, akanisogeza mkono. Nikamvalisha gauni nililomletea. Akalivua, akalivaa upya mwenyewe. Bwawani nilikaa kando yake asubuhi nzima. Hakunitazama hata mara moja, alitazama boya.

Miaka mitano nanyoosha mashuka ya watu kwa sababu mtoto wangu hawezi kitu. Sasa anaweza. Nifurahi au nilie? Nimefanya vyote viwili ndani ya basi, abiria wenzangu wakadhani nimefiwa. Kichwa changu hakijui kulia wala kushoto. Bora nibaki huku, kazi ya huku naijua.

Dada yako

20 Julai

Dada,

Shikamoo. Kuna jambo nimelinyamazia, kwa sababu silielewi.

Tangu uondoke, kila Jumamosi Chiriku anatoa gambuti jozi mbili, zake na zile zako, anazipanga mlangoni. Anavaa zake, anakaa kwenye ngazi. Mwalimu akipita kumchukua, haendi. Anakaa mpaka jua la mchana limtoe.

Mwanzoni nilisema ni mapenzi yake ya kupanga vitu, unamjua. Mwalimu naye anakuna kichwa tu. Basi Jumamosi iliyopita nikavaa hizo zako, nikamwambia, "Haya, twende." Akapiga magoti, akanivua, moja baada ya nyingine, akazirudisha mahali pake.

Sisemi anakungoja. Hajasema, nami sitamsemea. Nakuandikia nilichokiona.

Mdogo wako

5 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Usiijibu barua hii, jibu halitanikuta huku. Nilimwomba msimamizi ruhusa, akakataa, nikamwachia pasi yake ingali ya moto.

Usinipongeze. Sijui kama mtoto ananitaka mimi, au anataka tu vitu vikae mahali pake. Nimelala nalo, nimeamka nalo, sijalipatia jibu. Na huenda nikifika asinitazame tena.

Jambo jingine naliona aibu kulisema, lakini wewe ni mdogo wangu. Nimefika umri huu, na sijui mama wa mtoto anayejivalisha hufanya nini asubuhi. Nitamuuliza mwalimu. Naye akiwa hajui, nitakaa hapo hapo mpaka nijue.

Mama Chiriku