Plani za Cimpunda Kwenye Kamba

Lundi 4 mwezi wa tatu 1974

Mvua tangu asubuhi. Biro, ofisi yetu ya kuchora, inanuka makoti ya maji. Plani ya mutaa wa Cimpunda iko tena mezani, mwenzangu Bahati anachora upande wa juu, mimi wa chini. Wino juu ya kitambaa cheupe kilichotiwa wanga. Kanuni yetu ni ile ile: ukibadilisha kitu, plani ya zamani huigusi. Unachora ingine, unaipa herufi, unaandika jina lako na sababu. Tumefika E, zote ziko kabatini.

Shefu anasema kabati imejaa takataka. Takataka! Nimeguna tu.

Mercredi 6

Nimepanda Cimpunda na kamba ya kupimia. Kumbe watu wa umeme wamehamisha waya. Korongo limekula njia ya zamani, wakaufukia chini ya njia ya shule. Na ni pale pale kapita, mukubwa wa wachimbaji, atachimba mufereji wiki ijayo! Mudogo wangu Murhula iko kati ya wachimbaji wake. Kapita hakuwepo. Si kitu, yeye anafuata plani.

Nimechora F, nimeandika jina na sababu, nimeiweka kabatini. Miguu inauma. Nimeridhika.

Jeudi 7

Malaria. Kitandani. Hata kalamu ni nzito.

Lundi 11

Siamini. Naandika ili niamini.

Nimerudi kazini, kabati tupu. Tupu kabisa! Mezani plani moja tu, safi, bila herufi, bila jina la mutu. Shefu anatabasamu juu ya wageni wa Kinshasa wanaokuja. Eti sasa tuko na plani moja, bila historia ndefu ndefu. Nikamuuliza Bahati zingine ziko wapi. Akacheka. Amempelekea muke wake. Ukichemsha kitambaa kile, wanga na wino vinatoka, kinabaki laini, kizuri kwa nguo za mutoto.

Nikaivuta ile plani mpya. Kisha nikaangalia upande wangu wa plani. Waya iko pa zamani! Bahati aliichora safi kutoka E, F hakuifungua hata kidogo. Na kapita alishachukua kopi asubuhi.

Nikakimbia. Nyumba ya Bahati iko njiani. Kwenye kamba plani zetu zote zinaning'inia, nyeupe pe, huwezi kujua A ni gani, F ni gani. Muke wake akanisalimia vizuri. Nikapita mbio.

Nilichelewa, jembe lilishagusa waya ya umeme. Murhula alikuwa amelala ndani ya matope, mikono myeusi. Kapita amesimama na plani chini ya koti, isilowe.

Mardi 12

Anaishi. Haongei. Daktari anasema vidole vya mukono wa kulia hataviokoa.

Nilienda biro. Shefu amekwisha kuamua: plani inaonyesha waya iko mbali, basi kijana alichimba ovyo, kazi yake imekwisha na dawa ajilipie. Nikasema nilichora F. Akasema, "Onyesha."

Nionyeshe nini? Nguo za mutoto? Nilimwangalia Bahati. Aliangalia viatu vyake. Jamani, mutu nimekula naye chumvi miaka yote hii! Moyo wangu umekuwa baridi kwake.

Jeudi 14

Bahati alikuja hospitali. Alisimama mulangoni na mukungu wa ndizi, akaona mikono iliyofungwa, akaweka ndizi chini, akaenda. Sikumwita. Kule biro bado hajamwambia shefu kitu.

Samedi 16

Mvua imeacha. Murhula ameongea leo. Sauti ndogo sana, niliinama kumusikia.

"Dada, ile waya uliandikaka?"

"Niliandika."

"Basi."

Hakuniomba kuonyesha. Akafunga macho kidogo, kisha akasema ana njaa. Nikamulisha uji. Alikunywa wote.