Betri Nilizozinywesha Kama Ngamia

Mshauri mpendwa, kabla sijaomba msaada ujue unaandikiwa na kijana ambaye akikohoa tu stima ya Isiolo nzima inashtuka, shule niliiacha darasa la sita mwalimu alipoishiwa na maswali ya kuniuliza, na sasa mimi ndiye mtunza betri wa zahanati moja ya Kiwanjani, betri sita za kuendesha redio ya kuita gari la wagonjwa stima ikipotea.

Mchana wa joto hulala kwenye saruji kando yazo, zikichajiwa zinachemka polepole, tib, tib, kama ngamia wanacheua, nafumba macho naona niko kisimani na baba, vumbi jekundu, mifugo inakuja ikiimbiwa. Nesi Jecinta aliniambia, "Sora, angalia kila wiki maji yasishuke chini ya vibati vya ndani, na utie yale ya dukani ya betri, si mengine." Nikamcheka, "Sista, mambo ya kunywesha tuachie sisi Waborana!" Maana ngamia huachwa na kiu siku nyingi ndipo anywe ashibe, basi nikaziacha miezi miwili, halafu nikazijaza pomoni maji ya kisima cha Burat, yale ya chumvichumvi, hata unga mweupe ulipoota kwenye vichwa vyake nikasema hiyo ni afya.

Juzi adhuhuri stima ikapotea, uchungu umemshika jirani yetu Qabale, redio ikakwaruza mara moja ikazima. Alipelekwa hospitali kwa mkokoteni wa punda, na alhamdulillahi mama na mtoto ni wazima. Lakini mkubwa wa zahanati anasema betri zimemalizwa na mlinzi wetu, mzee Akaale, ati huunganisha redio yake humo asikilize mpira, na Ijumaa anafukuzwa. Mkubwa aliniuliza mbele yake, "Wewe ulikuwa unaziangalia?" Mzee akanitazama. Nikajibu, "Kila wiki, bwana." Hapo ndipo nilipoharibu kweli.

Sora, Kiwanjani

*

Sora, nimecheka, kisha nikakasirika. Ngamia ana nundu. Betri ina vibati, na vikikauka hewani vimekwisha, hata uvimwagie mto mzima. Maji ya kisima yakamalizia. Ndoto zako ni nzuri, kijana, lakini ziote ukishapima maji.

Betri zitanunuliwa nyingine. Kazi ya Akaale nani atamnunulia? Usingoje Ijumaa. Kunja gazeti hili sasa hivi, mwite nesi awe shahidi, ingia kwa mkubwa mzee akiwepo, useme: "Sikuziangalia, na nilidanganya." Ngamia usiwataje, hakuna aliyewaulizia. Ukifukuzwa, toka kwa adabu, na kabla ya kutoka umpe mzee mkono.