Zamu ya Mzee Eliamani

Jumanne. Jua kali tangu asubuhi, vumbi la mtaa wetu wa Shirimatunda limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Mlima uko wazi kabisa. Miguu inaniuma na moyo umetulia.

Nianze na la kukiri. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikipanda Kirua Vunjo, kule mlimani, kukusanya maelezo ya tasnifu yangu. Nasoma shahada ya uzamili ya uongozi na usalama katika nchi zinazoendelea, huku nikifundisha uraia sekondari, na mada yangu ni namna viongozi wa vijijini wanavyolinda amani. Nina madodoso thelathini yaliyojazwa. Yote, kwenye swali la hali ya usalama kijijini, yana jibu moja: "Usalama upo."

Upo. Basi.

Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilikuwa nakaa ofisi ya kijiji, barua ya wilaya mezani, mtendaji wa kijiji kando yangu, watu wanaitwa mmoja mmoja kama washtakiwa. Ningekuwa mimi ningejibu nini? Msimamizi wangu aliisoma sura ya tatu akanirudishia na swali moja kwa kalamu nyekundu: "Watu wako wapi humu?" Nilichukia. Nilimwambia mume wangu, Baba Salma, kwamba yule msimamizi hajui kazi ya uwandani. Yeye alikuwa anapiga randa mlango wa mteja, akaendelea kupiga randa.

Jumamosi nilipanda tena, shule zikiwa zimefungwa, na madodoso kumi mapya yenye maswali yale yale. Ofisi nilikuta imefungwa. Watu walikuwa wamekusanyika chini kidogo kwenye mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni mpaka mashambani. Mfongo ulikuwa mkavu tangu Alhamisi, na kina mama walikuwa wanachota maji mbali.

Baba Aika, mwenye shamba kubwa la nyanya pale, alishika panga na alikuwa na uhakika na mtu wake.

"Ni Eliamani," alisema. "Ameziba kule juu. Leo atanieleza."

Wanaume kama saba walikuwa nyuma yake. Panga kule ni kitu cha kila siku, lakini namna walivyokuwa wamenyamaza haikunipendeza. Nikafanya nilichojifunza darasani: nikatoa simu nimpigie polisi kata. Na niandike ukweli hapa, nilifurahi kidogo. Niliona hatimaye nimepata tukio.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mama Ndeninsia, aliiona simu. Ni mjane wa miaka sitini na kitu, anaimba kwaya ya usharika. Miezi yote mitatu sikuwa nimemhoji, kwa sababu mtendaji aliniambia maswali yangu yatamshinda. Nikamwamini.

"Mwalimu, unampigia nani?"

"Polisi, mama. Kabla mtu hajaumia."

"Piga ukitaka. Wakija wataondoka na mtu mmoja, na sisi hatujaona bado kule juu kuna nini. Tupande kwanza."

Kisha akawageukia wanaume. "Mapanga yaacheni hapa. Majembe yanatosha kufungua maji." Akatandaza kanga yake kwenye majani, na mapanga yakawekwa juu yake moja moja. La Baba Aika lilikuwa la mwisho. Nilirudisha simu mkobani.

Tulipanda kama saa nzima. Viatu vyangu vya ofisini viliteleza kila mahali, na mama mmoja alinishika mkono bila kuniuliza.

Mzee Eliamani hakukimbia. Alikuwa ameketi kwenye gogo nje ya kihamba chake, shamba lake la migomba, fimbo pajani, mguu mmoja umekauka na kupinda kuliko mwenzake. Magunia ya udongo yalikuwa yamepangwa mfongoni na maji yote yakiingia kwenye migomba yake.

"Nimeziba mimi," alisema kabla hajaulizwa.

Baba Aika alifungua mdomo. Mama Ndeninsia alimwinulia mkono, akamsalimia mzee, akamuuliza habari za mguu. Halafu akasema, "Zamu yako ya maji ni siku gani?"

"Jumanne."

"Mara ya mwisho ulipata lini?"

Mzee alifikiri. "Kabla sijaanguka. Kabla ya Pasaka."

Tangu avunjike mguu hakuweza kusimama kulinda mlango wa maji. Kila Jumanne alijikokota akaufungua, na kila Jumanne, akisharudi ndani kupumzika, mtu aliufunga. Mama Ndeninsia aligeuka, akawatazama wale wanaume bila hasira.

"Maji ya mzee yalikuwa yanaenda kwa nani?"

Mmoja akasema taratibu, "Kwangu, mara mbili." Akafuata mwingine. Baba Aika alichimba chimba udongo kwa jembe lake muda mrefu.

"Na kwangu," alisema.

Mzee naye hakuachwa. Mama alimwambia kwamba ng'ombe na watoto wa watu hawakumkosea, na kwamba kama mzee angetuma mtu amwite mapema, yeye angekuja. Mzee aliwaomba radhi kina mama. Magunia yaliondolewa na wale wale waliokuja kumkamata. Ikaamuliwa kwamba Baba Aika ndiye atakayemfungulia mzee mlango wa maji kila Jumanne, na kuulinda, mpaka mguu upone. Alikubali kwa kichwa na akanung'unika njia nzima ya kushuka.

Nilikuwa na kalamu tatu mkobani. Sikuandika neno.

Mama Ndeninsia alinikaribisha kwake, akanipakulia kiburu cha moto, yaani ndizi zilizopondwa na maharage, na chai ya maziwa. Nikamuuliza swali ambalo halimo kwenye karatasi yoyote: "Mama, hapa mnaogopa nini?" Alicheka kwanza. Halafu alizungumza mpaka saa kumi. Alinieleza habari za mipaka ya vihamba inayosogezwa mtoto wa mtu akirudi kutoka mjini kudai sehemu yake, na jinsi yeye mwenyewe, mwaka aliofiwa, alivyokuwa akitoka kila asubuhi kuangalia kama mti wake wa mpakani bado umesimama. Majirani wawili waliingia, wakaongeza ya kwao. Nilisikia mengi zaidi kuhusu usalama siku ile kuliko miezi mitatu yote, na aliyenifundisha ndiye niliyekuwa nimemruka.

Hilo linaniaibisha. Naliacha hapa lionekane.

Jumapili nilimpigia msimamizi, nikamwambia nataka kuyaweka kando madodoso yote thelathini. Akasema, "Sawa. Lakini hutahitimu na wenzako." Nilikwishajua. Nililia kidogo jikoni, kisha nikaosha uso. Baba Salma alisema tu, "Basi Jumanne nenda ukaone kama yule bwana atafungua."

Ndiyo leo. Saa mbili asubuhi nilikuwa kwa Mzee Eliamani. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne hakuna mtu, na mzee akajifanya anashughulika na kuku. Nilianza kutunga kichwani aya nzima kuhusu udhaifu wa makubaliano yasiyoandikwa, tena aya nzuri.

Saa tano kasoro Baba Aika akatokea na jembe begani. "Shikamoo, mzee," alisema, na mimi akanipa salamu ya kunipita tu. Akafungua. Maji yalikuja machafu kwanza, yakasafika, yakaingia mgomba kwa mgomba. Alisimama pale juani mpaka yakafika kwenye mgomba wa mwisho, na hakuna aliyemwamuru asubiri.

Mzee alimuuliza kama amekula. Hajala. Basi wakaketi pamoja kwenye gogo na sufuria la ndizi katikati yao, na mimi nikatumwa ndani kufuata chumvi.

Niliporudi walikuwa wanazungumza Kichagga, haraka haraka, habari za ndama nadhani. Mimi wa mjini sikijui, na hakuna aliyekumbuka kunitafsiria. Nikajipakulia, nikala.

Kesho naanza sura ya tatu upya, na sina haraka.