Betri Iliyobaki Chumbani kwa Mkamwana

Kasulu,
Jumapili, baada ya misa

Mama Filbati, mke wangu,

Mwakeye. Naanza kwa Kiha ujue ni mimi na si mtu wa mikopo. Habari ya goti? Nauliza la kushoto, maana la kulia huuma siku za kwenda shamba tu. Mbuzi amezaa? Paa la jikoni bado linavuja palepale nilipolitengeneza? Mimi ni mzima, nakula, nalala, naota upuuzi kama kawaida.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ya hapo anaishika mjukuu wako, naye lazima aweke sauti ya nje ili jirani asikose kitu. Haya ya leo hayafai kusikiwa na Kibondo nzima. Barua hii inakuja na kondakta wa basi, isome peke yako. Wewe ulimaliza la saba, mimi la tatu nikatokea dirishani, kwa hiyo ukikuta herufi imelala chali iinue tu, endelea.

Unajua niliitwa huku kulinda. Mkamwana wetu Leokadia alipopata guta lake la umeme, lile la magurudumu matatu, wezi walikuwa wamemwibia jirani betri. Filbati akasema, baba aje akae, hata akisinzia wezi watadhani anawaza. Kazi nikaipenda. Guta halina moshi wala kelele, linapita kama paka aliyetoka kuiba. Leokadia anapakia kabichi na ndizi za akina mama wa Heru Juu, anateremka nazo sokoni, kisha anapanda na chumvi, sabuni na mawese yao. Jioni anaitoa betri chini ya kiti, ina mpini kama ndoo, anaiingiza chumbani kwao na kuichomeka kwenye chaji humo humo, maana ndicho chumba chenye kufuli.

Chumbani kwao. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Mwezi uliopita mama yake Leokadia alipelekwa Kigoma kufanyiwa upasuaji wa macho. Wakaondoka naye wote wawili, Filbati na mkewe, alfajiri, mbiombio. Safari ya siku mbili ikazaa wiki. Kesho yake tu mkamwana akanipigia.

"Baba, samahani sana. Nimesahau betri kwenye chaji, tena nimeifunika blanketi isionekane dirishani. Funguo iko nyuma ya redio. Ingia tu uchomoe."

"Chumbani kwako?"

"Nimekuruhusu mwenyewe, baba."

Nikasema sawa mwanangu. Nikafungua kufuli, nikavuta pazia, nikaona khanga yake kitandani. Nikarudi nyuma kama niliyekanyaga siafu.

Sasa wewe unanijua. Mimi ndiye niliyempa mama yako mkono siku ya kwanza kukutana naye, badala ya kupita kando nimeinamisha kichwa kama wakwe wenye akili. Ukoo wenu unaniita mwehu mpaka leo. Mila nimezichekea tangu ujana. Halafu mbele ya pazia la mkamwana nikageuka mzee wa mila.

Jioni akapiga tena. "Baba, ulichomoa?"

"Imeshachomolewa."

"Ahsante. Fundi alituonya, ikikaa imejaa siku nyingi huku inavuta umeme inazeeka upesi."

"Ondoa wasiwasi. Muuguze mama."

Niliongopa namna hiyo, mke wangu, bila hata kukohoa.

Ninajua utanitetea. Utasema ni heshima, baba mkwe haingii chumba cha mkamwana. Usinitetee. Barazani kuna meni swichi, naifikia bila kuinuka kitini. Ningeishusha, nyumba nzima ingekatika umeme na betri ingepumua. Lakini na televisheni ingezimika, na mashindano ya mpira yalikuwa yamefika patamu. Siku moja nilikwishaweka mkono pale. Mzee Haruna, mwenye duka la jirani, akaingia na birika lake la kahawa.

"Unazima nini, bwana?"

"Kuna kitu ndani kinatakiwa kupumzika."

"Kitapumzika baada ya mpira. Sogea huko."

Tukacheka. Mpira ulipokwisha nilikuwa nakoroma. Kulipokucha nikajiambia, imeshakaa siku zote hizo, moja zaidi itaifanya nini. Hivyo hivyo kila kukicha.

Na sikiliza hili, ndilo linaloniunguza. Siku walipopiga kusema wako njiani, niliingia. Kumbe miguu ilijua njia. Nikapita kando ya kitanda, nikachomoa, nikakunja waya vizuri. Ile heshima sijui ilikuwa imekwenda wapi. Blanketi lilikuwa na joto kama lenye mtoto mchanga ndani.

Basi guta likaanza kuishiwa nguvu. Zamani lilipanda Heru Juu na kurudi na akiba. Sasa likawa linazima katikati ya mlima na kabichi za watu juu yake. Fundi akaja, akaipapasa betri, akasema imevimba kidogo ubavuni. Akauliza, "Nyumbani mnaichaji vipi?"

Leokadia akaeleza kila kitu, maskini, kama yuko kwa padri. Kwamba akitoka mlimani anaichomeka ikiwa bado ya moto. Kwamba anaiacha usiku kucha mpaka ijae. Fundi akasema hayo ndiyo mazoea yanayoua betri. Iachwe ipoe kwanza, ikifika themanini kwa mia itolewe, isiachwe ikaisha kabisa, isifunikwe, na kujazwa pomoni ni kwa siku ya safari ndefu tu. Nami nimekaa pale, natazama ukucha wangu.

"Umesikia?" Filbati akamwambia mkewe. "Ni wewe. Huna utunzaji."

"Ni mimi," akasema Leokadia.

Kuanzia hapo akawa anakaa jioni na sahani yake ya ugali karibu na chaja, anakodolea tarakimu, zikifika themanini anachomoa hata kama tonge liko mdomoni. Alijirekebisha kwa kosa langu. Nami nikawa namtania, Mungu anisamehe, namwita nesi wa betri. Alicheka ili nisijisikie vibaya.

Lakini akina mama wa Heru Juu hawawezi kusubiri. Wakaanza kumpa mzigo mwenye guta la petroli. Filbati akaleta mnunuzi. Akasema liuzwe kabla halijafa kabisa, mke wake arudi kwenye meza ya nyanya, vyombo vya umeme vinataka watu waangalifu. Leokadia hakubisha. Alikwenda nyuma ya nyumba kuliosha guta lipendeze kwa mnunuzi, nami nilimsikia akivuta kamasi huku anasugua matairi.

Nilitaka kwanza nikuombe wewe umwambie, mwanamke kwa mwanamke. Nilishaandika hivyo kwenye karatasi nyingine, nikaichana. Ijumaa wakati wa chakula nikasema, "Filbati, usiuze. Betri nimeiua mimi."

Akadhani natania. Ndiyo faida ya kutania maisha yote. Nikaeleza tena, pazia, swichi, mpira, na siku ile nilipoingia. Filbati akaweka kijiko chini. Mtoto hawezi kumfokea baba yake, akabaki kutazama ukuta. Aliyesema ni Leokadia, kwa sauti ndogo.

"Baba, nilikuuliza kwenye simu."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nimuuguze mama."

Nikainuka nikakusanya sahani, nikaenda kuziosha. Mimi, Mama Filbati. Ungefurahi kuona.

Mnunuzi amerudishwa. Filbati amemwomba mkewe radhi, nilisikia ingawa walifunga mlango. Betri haitakuwa kama mwanzo, fundi amesema, lakini ikitunzwa itakwenda, mzigo ukiwa nusu na guta likisukumwa mlimani. Jana ndipo mimi nikapanda nyuma, kati ya chumvi na sabuni. Guta lilipoanza kulegea nikashuka nikasukuma, na koti langu la kanisani. Watoto walitukuta njiani wakaimba wanayoyajua wao kuhusu wazee. Mama mmoja aliuliza kama ndiyo injini mpya. Kwa kawaida ningempa jibu la kumfanya akimbie. Safari hii nikaendelea kusukuma.

Tulipomaliza kupanda Leokadia akasema bila kugeuka, "Panda, baba, tumefika tambarare."

Nikamwambia aende polepole, natembea kidogo. Sikuwa tayari kukaa nyuma yake. Akapunguza mwendo, tukaenda hivyo mpaka kwa akina mama, mizigo ikiwa inatusubiri.

Msalimie dada yangu mkubwa na ulimi wake. Msalimie katekista, mwambie kanisani naenda, asikuulize mara ngapi. Mjukuu mshika simu umpe salamu lakini barua asiione. Mama Leokadia anaona vizuri sasa na anakusalimu. Leokadia akikupigia usimwambie nimekuandikia, wewe msikilize tu.

Kesho tunapanda tena. Nitumie buti zangu za shamba kwa kondakta huyu huyu. Viatu hivi vya mjini vinateleza mlimani.

Ni mimi mumeo, mlinzi wa betri,
Baba Filbati