Kopo la Senene Ng'ambo ya Mto

Mama yangu mpenzi,

Kasinge waitu. Barua hii isome mwenyewe kwa miwani yako, ukiwa umefunga mlango. Usimpe mdogo wangu Koku akusomee. Ningepiga simu, lakini simu yako haitoki mkononi mwake, na haya yanamhusu yeye. Goti linaendeleaje? Na migomba ya kando ya njia, ule mnyauko haujaifikia? Mimi ni mzima. Nashona kwa yule mama wa hapa Jinja, na chakula napata.

Tangu basi liliponichukua Muleba sikumwamini mtu. Baada ya Bukoba jirani wa kiti alinikaribisha karanga, nikajifanya nimelala. Mpakani Mutukula nililikumbatia kama mtoto mchanga lile kopo la senene ulilonipa.

Mji huu uko kando ya mto mkubwa. Wenyeji wanasema ziwa letu linaishia hapa na mto unaanzia hapa, na vijana wenye mitumbwi wanawashawishi wageni wakaone mahali penyewe. Nilikwenda hadi ukingoni nikatazama sana. Niliona maji tu, hayana alama yoyote. Nikarudi zangu.

Jumapili baada ya misa nilipanda bodaboda kwenda kwa akina Isaya, huyo anayemtaka Koku wetu. Wanakaa ng'ambo. Daraja jipya la nyaya nililiona kwa macho yangu, lakini dereva akapita la zamani, kwenye bwawa la umeme. Mto nikauona kushoto, baadaye kulia.

"Unanizungusha," nikamwambia.

"Mama, unaozunguka ni mto," akasema. Mpaka leo simwamini.

Unajua ulichonituma. Isaya alishatutajia ukoo wake, lakini tulihofia kwamba Koku ndiye aliyemfundisha cha kusema. Kama kwao nako senene ni mwiko kama kwetu, basi ni ndugu yetu na ndoa hakuna. Ndiyo maana tuliona nipeleke senene, niwatazame watakavyofanya.

Baba yake, mzee aliyehama Kiziba akiwa kijana, alinipokea kwa Kihaya. Nikampa kopo. Akalifungua, akanirudishia.

"Onja kwanza, mwanangu. Aliyeleta ndiye anayeonja."

Desturi naijua, lakini ningeonjaje? Na ningesema kwetu ni mwiko, ningekuwa nimewaonyesha mtego.

"Nimeshiba, Tata."

"Basi moja tu."

"Meno yananiuma."

Akalisukuma kopo pembeni, akawa ananitazama kama anayemtazama mchawi. Nikajua basi, huyu hali senene, ni wa ukoo wetu. Moyo uliniuma, Mama. Nilimfikiria Koku na vitenge alivyokwisha kupeleka kwa fundi, nikawaza nitamwambiaje.

Mara Isaya akaingia kutoka kuoga. Akanusa, akachota konzi nzima.

"Acha!" mzee akamshika mkono. "Mwenye nazo anaziogopa."

Alichelewa. Isaya alikuwa anatafuna, na alitafuna kama mtu aliyezoea.

Hapo nikasema, "Tata, kwetu sisi senene ni muziro. Hatuli."

Mzee akacheka mpaka akapangusa macho. "Kumbe ulikuja kutupima. Mimi nilidhani umekuja kutuua." Akalivuta kopo, wakala wote wawili mpaka wakakung'uta vipande vya chini. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Sikufichi, mashaka ninayo bado. Huyo kijana anacheka sana, na viatu vyake ni visafi mno kwa mtu anayesema anafanya kazi ya mitumbwi. Nitaendelea kumchungulia. Lakini ndugu yetu siye.

Nisalimie mjomba wa Rubya, na shangazi anayeuza maharage sokoni Muleba. Mke wa jirani aliyetukaangia senene mwambie chumvi ilitosha. Nimeambiwa na walaji.

Sasa fungua mlango, Mama. Mwite Koku, mpe barua hii aisome kwa sauti.

Binti yako mkubwa,
Devota