Upande wa Kushoto Ulikuwa Wangu

Mpendwa baba Aka,

Mwanao sasa hivi ameingiza mkono kwenye mkoba wangu, akatoa simu yako na hedifoni, akachomeka pini mwenyewe bila kuuliza mtu. Moja ameitia sikio la kulia. Ya pili ameniletea mimi, ameishika kwa vidole viwili kama anashika kifaranga. "Mama, hii yako." Kisha akarudi kukaa kwenye benchi, miguu inaning'inia, anatikisa kichwa pamoja na kwaya.

Ndiye huyo huyo uliyemwacha hajaota jino.

Tumekaa nje ya chumba cha daktari wa masikio, hapa Nyakahanga. Tumetoka Kanoni asubuhi kwa bodaboda, Aka katikati, nimemfunga kwa kanga yangu. Walioko mbele yetu ni wengi, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Wakituita kabla sijamaliza, hesabu kwamba nimekuaga vizuri na jina nimeweka: ni mimi mkeo, mama Aka.

Unakumbuka ule msimu wa senene, wa kwanza tangu unioe? Tulikaa barazani, sinia katikati, tunawanyonyoa wale panzi mabawa. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, kwa hiyo tulikuwa na hedifoni, wewe sikio moja, mimi sikio moja. Waya ulikuwa mfupi, ikabidi tukae bega kwa bega. Mama yako akapita na ndoo, akacheka. "Nyie watu, mmefungwa kamba moja kama mbuzi?"

Wimbo ulikuwa ule mmoja tu, ule kwaya yenu ya usharika mliokwenda kurekodi. Uliniambia fundi wa studio aliwagawa, wanawake akawaweka upande wa kulia, nyie wa besi akawaweka kushoto. Ukanionyesha ile herufi ndogo ya L kwenye hedifoni, ukanipa hiyo.

"Kwa nini mimi kila siku kushoto?" nikakuuliza.

"Mimi naimba upande huo. Sauti yangu naijua, nitaisikiliza ya nini? Chukua wewe."

Tangu siku ile upande wa kushoto ukawa wangu. Na tulipokuzika, upande huo ndio ukawa mahali pekee nilipoweza kukupata.

Sasa sikia. Mwanao alipoanza kushika vitu na kujua vitu, akawa anafanya kama wewe. Kila nikifungua simu yako anakuja, anachukua ya kulia, ya kushoto ananipa mimi. Hakuna aliyemfundisha. Baba Aka, nilikuwa nikigeuza uso pembeni ili asinione. Nilisema moyoni, huyu amerithi ukarimu wa baba yake. Nikawaambia na majirani.

Yalikuwepo mambo mengine, lakini hatukuyaunganisha. Ukimwita akiwa kule mgombani, anasimama, halafu anakimbilia upande ambao haupo. Ukiongea naye amekupa mgongo, mara ageuke, mara asigeuke. Mama yako alikuwa anasema, "Huyu mtoto anasikia anachotaka." Tunacheka. Na Aka naye anacheka, hajui tunacheka nini.

Halafu juzijuzi hedifoni zako zikafa upande wa kulia. Waya ulikatika pale karibu na pini, pale ulipokuwa unapazungushia utepe. Aka akaweka, akatoa, akaniangalia. Nikamwambia chukua hii nyingine, mimi nimeshiba. Akaitia sikio la kushoto. "Mama, na hii imekufa." Nikaiweka mimi. Haikufa. Ulikuwa unaimba kama kawaida.

Nikajua ni deko.

Siku ya gulio nikaenda naye Kayanga kwa Deo. Bado anauza pale pale mlipokuwa mnauza wote, hedifoni zinaning'inia mkononi mwake kama tambi. Kwanza alitaka kunipa zile zisizo na waya. "Shemeji, siku hizi watu wamehama, waya ni wa wazee." Nikamwambia mimi bila waya sina wa kukaa naye karibu. Akatoa za waya, nyeusi na nyeupe.

Nilizipima kama ulivyokuwa unapima wewe, kwa wimbo wenu. Nyeusi zina mipira laini, zinakaa vizuri sikioni, zinafungia kelele zote za gulio nje. Lakini besi yake inagonga mpaka sauti zenu zikageuka ngoma, sikujua yupi ni wewe. Nyeupe ni plastiki ngumu, zinaumiza kidogo, na besi yake ni nyembamba. Lakini nilikusikia ukivuta pumzi kabla ya kiitikio. Ulikuwa unasema, "Kuna hedifoni ya kupiga kelele na kuna hedifoni ya kuimba, mnunuzi achague anataka nini." Nikamwambia Deo anifungie nyeupe.

"Ngoja mwenye mali ajaribu," Deo akasema, akampa Aka. Kulia, mtoto akatabasamu. Kushoto, akatikisa kichwa. "Imekufa."

"Imekufa vipi mjomba, nimeifungua mbele yako?" Deo akaiweka sikioni kwake, nzima. Akampa nyeusi. Kulia akatabasamu, kushoto, "Imekufa." Deo akaniangalia. Hata utani wake wote uliisha.

Hapo nikakukumbuka. Nilikuona umesimama pale pale, mteja amerudi na hasira, anasema umemuuzia mbovu. Na wewe unamwambia taratibu, "Badili upande kwanza, mzee wangu. Ya kulia ipeleke kushoto. Ubovu ukihama, nakurudishia hela yako. Ubovu usipohama, mimi siuzi masikio." Watu wote walikuwa wanacheka. Na mimi nilicheka, tumbo limejaa huyu huyu Aka.

Nikachukua ile ya kulia, ile iliyomfanya atabasamu, nikamtia sikio la kushoto.

"Mama, na hii imekufa."

Ubovu haukuhama, baba Aka.

Sikulia pale gulioni. Nililia nyumbani, jikoni, moshi ukanisaidia. Mama yako alipoingia nikamweleza yote. Akakaa chini kwenye mkeka, mikono mapajani. Nikamwambia, mama, na jina alilompa baba yake! Maana unajua jinsi tulivyomwomba huyu mtoto, na alipokuja ukasema ataitwa Akampurira, yaani Alinisikia. Nikasema ni kama jina linatucheka. Mama yako akanikatiza.

"Waitu, mwanangu, acha. Jina halisemi mtoto atasikia. Linasema Mungu alisikia. Mpeleke hospitali."

Pale zahanati nesi alimulika kwa tochi, akasema huenda ni uchafu umeganda ndani, huenda ni usaha wa zamani umeharibu kitu, na huenda ni kitu alichozaliwa nacho. Yeye hawezi kusema, atasema daktari wa masikio. Kwa hiyo leo ndiyo siku. Nikitoka mlango huu nitajua kama sikio hilo litafunguka, au kama mwanao ataishi na upande mmoja. Naomba lifunguke. Naomba sana. Lakini nimeshajipanga, likikataa nitamfundisha kugeuza kichwa, nitamwomba mwalimu amkalishe mahali pazuri, na mimi nitatembea upande wake wa kulia mpaka awe mkubwa.

Linaloniuma zaidi ni jingine, na nimeling'amua hapa hapa kwenye benchi. Siku zote hizi alikuwa ananipa upande wa kushoto kwa sababu kwake haukuwa na kitu. Alikuwa anasikiliza wanawake tu. Wimbo ule ameusikia mpaka anaimba nao, na hajawahi kukusikia wewe hata mara moja.

Kwa hiyo aliponiletea ile ya kushoto sasa hivi na kusema hii yako, sikuivaa. Nilitaka nikuandikie kwanza. Na sasa nimeweka kalamu chini kidogo, nimemtoa ile ya kulia, nimemtia ile yangu, yenye herufi L, kwenye sikio lake zima.

Ameacha kutikisa kichwa. Amefungua mdomo kidogo. Ameziba hedifoni kwa kiganja, kama wewe ulivyokuwa unaziba.

"Mama, huyu nani?"

Nimemwambia ni baba.

Ameichomoa, ameiangalia ndani kama anayechungulia tundu, ameirudisha haraka asije akakosa kitu. "Kumbe baba alikuwa upande huu?"

Ndiyo, nimemwambia, alikuwa upande huu. Yeye anakusikiliza, na mimi kwa mara ya kwanza nimekaa bila hedifoni sikioni, na sijakukosa. Kama daktari atasema habari mbaya, mwanao atakuwa ameingia mle ndani akiwa ameshakusikia, na hilo hakuna wa kulirudisha nyuma. Nilitaka kukueleza pia kuhusu kahawa yetu ilivyochanua mwaka huu, na kwamba mama yako mguu umepona, na kwamba nesi ametokea mlangoni anaita "Akampurira! Mama Akampurira!" na mwanao ameshashuka kwenye benchi, hedifoni bado sikioni, amenishika kidole ananivuta, anasema mama twende, baba bado anai